Kutoka 8.7 Hadi 10: Nani Alikosea Kuhusu Neutral Milk Hotel?

Kijana mmoja mpiga gitaa alinitumia ujumbe usiku, saa tano na kitu: "Dada, samahani kwa usumbufu. Ile makala yako ya albamu yetu bado ipo mtandaoni. Huwezi kuwaambia waitoe?"

Makala yenyewe niliiandika miaka sita iliyopita, nikiwa dawati la burudani la gazeti moja hapa Dar. Bendi yao ilikuwa ya vijana wanne: magitaa makavu, filimbi, na ngoma iliyorekodiwa kwa mbali mno. Niliisikiliza albamu mara tatu, mbili kati ya hizo nikiwa nimesimama kwenye daladala la Mbagala, nikawapa nyota mbili. Nikaandika kwamba ngoma yao inasikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Watu walicheka sana. Mimi mwenyewe nilicheka nikiiandika. Mwaka jana niliirudia albamu ile nyumbani, mchana, bila haraka, nikagundua kwamba ule umbali wa ngoma waliutaka wenyewe. Wimbo wa tatu unahusu mtoto anayesikiliza msiba wa nyumba ya pili. Mlango wa jirani, kweli kabisa! Sasa naipenda, na kijana anajua naipenda kwa sababu nilimwambia. Ndiyo maana akaomba.

Sikumjibu usiku ule. Nilirudi kwenye albamu ambayo, kwangu, ndiyo kesi kubwa ya swali lake: *In the Aeroplane Over the Sea* ya Neutral Milk Hotel. Hii ni albamu ambayo chombo kilekile kiliihakiki mara mbili, kikaipa 8.7 mwaka 1998 na 10 mwaka 2005. Nyimbo ni zilezile.

Kwa asiyewajua: ni bendi ya Marekani, na kiongozi wake ni Jeff Mangum, aliyekulia Ruston, mji mdogo wa Louisiana, ambako yeye na rafiki zake wa shule walikuwa wakirekodi kanda na kupeana. Kundi hilo la marafiki ndilo lililokuja kujulikana kama Elephant 6. Albamu ilirekodiwa Denver mwaka 1997 kwa Robert Schneider, mmoja wa marafiki haohao, ikatoka Februari 1998 chini ya Merge, kampuni ndogo ya North Carolina iliyoanzishwa na wanamuziki. Matarajio yalikuwa ya kawaida tu. Walichapa CD 5,500 na santuri 1,600. Hiyo ni hesabu ya watu wanaotegemea kuuziana wenyewe kwa wenyewe.

Muziki wake unaitwa folk, unaitwa roki, unaitwa indie, inategemea umemuuliza nani. Mimi naueleza hivi. Chukua gitaa kavu, ulipitishe kwenye mashine mpaka likwaruze kama redio iliyokaa katikati ya stesheni mbili. Juu yake weka tarumbeta na trombone za watu wanaopuliza kama bendi ya harusi iliyochelewa kulipwa. Ongeza kodiani. Ongeza msumeno, na namaanisha msumeno wa seremala, unaosuguliwa kwa upinde wa fidla mpaka ulie kama mtu. Halafu mbele ya hayo yote msimamishe mwanamume mwenye sauti ya puani, anayeimba kwa nguvu zake zote hata pale ambapo sauti yenyewe haifiki. Nyimbo 11, dakika 40 hivi, basi.

Niliipata chuoni, kwenye flashi ya mwenzangu wa bweni. Sauti ya Mangum, ambayo wasikilizaji wengi wa kwao waliiona ngumu, haikunisumbua hata kidogo. Nimekulia kwenye nyumba yenye kanda za Bi Kidude, na mtu aliyemzoea Bi Kidude hawezi kuikimbia sauti eti kwa sababu ina kokoto. Kilichonishtua ni kitu kingine. Wimbo wa kwanza unaisha kwa upole, wa pili unaanza, na ghafla, bila maandalizi yoyote, jamaa anapaza sauti kutangaza mapenzi yake kwa Yesu Kristo, anaivuta ile kauli kama mtu wa mkesha saa tisa usiku. Mwenzangu mmoja mlokole akainua kichwa kitandani: "Hii ni kwaya ya wapi?" Sekunde chache baadaye ngoma na magitaa vikalipuka, akavuta shuka. Hakuuliza tena.

Sasa hadithi inayosimuliwa siku hizi kuhusu mapokezi ya albamu hii ni fupi na tamu: wahakiki walilala, mashabiki wakaamka, historia ikawaumbua wahakiki. Ni tamu kwa sababu inampa kila shabiki nafasi ya kuwa nabii. Tatizo lake ni kwamba haikutokea hivyo.

Mwaka 1998 jarida la Rolling Stone liliipa nyota tatu kati ya tano. Mhakiki wao, Ben Ratliff, aliona kwamba kwa msikilizaji asiyenogewa na haiba ya folk, albamu hii ni nyepesi na inazubaa-zubaa. Pitchfork, ambayo wakati huo ilikuwa tovuti changa isiyo na ubabe iliokuja kuwa nao, iliipa 8.7 kati ya 10. Na mwisho wa mwaka, kwenye kura ya wahakiki wa muziki wa Marekani iliyokuwa ikiendeshwa na gazeti la Village Voice la New York, Pazz & Jop, albamu hii ilishika nafasi ya 15. Nafasi ya 15 kati ya albamu zote za mwaka mzima, kwa bendi ambayo kampuni yake ilichapa nakala elfu saba na ushei! Jamani, huko ndiko kulala? Wapo bongo hapa ambao kwa nafasi ya 15 wangefanya sherehe ya siku mbili.

Kwa hiyo ilisikika, na ilisikika vizuri. Ila ilisikika kama albamu.

Kilichofuata ndicho kilichoigeuza. Baada ya ziara za 1998 Mangum alijiondoa. Mahojiano yakawa nadra, maonyesho yakakoma, albamu mpya haikuja na haijaja mpaka leo. Watu wakaanza kuujaza ukimya wake kwa maneno yao. Mwaka 2003 jarida la Magnet likaitaja kuwa albamu bora ya miaka kumi ya uhai wa jarida hilo. Mwaka 2005 Kim Cooper akaiandikia kitabu kizima. Mwaka huohuo albamu ikatolewa upya Uingereza, Pitchfork wakaihakiki upya kwa mkono wa Mark Richardson, na safari hii wakaipa 10 kamili, alama wanayoitoa kwa manati. Kufikia 2008 ilikuwa miongoni mwa santuri zilizouzwa zaidi Marekani, miaka kumi baada ya zile nakala 1,600. Bendi iliporudi jukwaani 2013, ikazunguka mpaka 2015, waliokuja kuwaona ni pamoja na watoto waliokuwa hawajaanza shule ilipotoka.

Mimi naona alama ya kwanza ilitolewa kwa nyimbo 11, na ya pili ilitolewa kwa nyimbo 11 pamoja na miaka saba. Wala sisemi ya pili ni ya uongo. Muda ni sehemu ya kusoma, sote tunajua. Kitabu ulichokisoma kidato cha tatu na ukikisoma una watoto ni vitabu viwili. Kilichonikera ni jinsi 10 ile ilivyotumiwa kuwafanya watu wa 1998 waonekane viziwi.

Tuna kesi yetu inayofanana. *Kichomi* ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, walikuwepo waliosema yale si mashairi kabisa. Hayana vina, hayana mizani, ni nathari iliyokatwakatwa. Leo Kezilahabi anafundishwa madarasani, na ubishi ule tunausimulia kama kichekesho cha wazee waliokosa upeo. Mimi nimekuja kuwaheshimu wale wazee. Ukitaka kujua Kezilahabi alibomoa nini, unawahitaji waliomkataa, kwa sababu wao ndio walioeleza, kwa hasira lakini kwa undani, ukuta ulikuwa umesimama wapi. Anayempenda tu hawezi kukuonyesha ukuta. Kwake ni uwanja mtupu.

Ratliff na nyota zake tatu ananifanyia kazi hiyohiyo. Nikimsoma halafu nikarudi kwenye albamu, nasikia kweli kuna mahali panapozubaa. "Communist Daughter" inapita kama mtu aliyekuja kuulizia chumvi. Wimbo usio na jina karibu na mwisho, wenye zumari za Kiayalandi, ni furaha ya wapigaji zaidi kuliko yangu. Na taswira za Mangum, miili na viungo na vimiminika, nyingine zimetupwa tu pale kwa imani kwamba kitu cha ajabu lazima kiwe na maana. Nikisema hivyo mbele ya wapenzi wa albamu hii naangaliwa kama niliyemtukana mama wa mtu.

Halafu nasikia pia kile ambacho nyota tatu hazikukifikia. "Holland, 1945" ni dakika tatu na kitu za kelele za shangwe zinazobeba jambo baya kuliko yote, na shangwe haipungui, inazidi. Hapo matarumbeta ya Scott Spillane yanaingia juu ya msiba kama watu waliokosea nyumba, na ukisikiliza vizuri unaona hawakukosea. "Oh Comely" ni zaidi ya dakika nane, kwa sehemu kubwa ni mtu mmoja na gitaa, imechukuliwa kwa mkupuo mmoja. Mwishoni kabisa, kwa mbali, inasikika sauti ya mwenzake aliyekuwa pale studio akipiga ukelele wa kustaajabu. Neno lenyewe silitafsiri hapa, wazazi wangu husoma. Lakini ule ndio uhakiki wa kwanza wa albamu hii, umo ndani ya albamu yenyewe, na hauna alama.

Nimeacha jambo zito makusudi. Albamu hii imejengwa juu ya Anne Frank.

Mangum aliisoma shajara yake kabla ya kuandika nyimbo nyingi za albamu hii, na amewahi kueleza kwenye mahojiano kwamba alilia kwa siku kadhaa, kwamba alikuwa akiota kurudi nyuma ya wakati ili amwokoe. Ndoto hiyo imetanda kwenye nyimbo. Msichana aliyekufa, mwimbaji anayemtamani, anayetaka kumfufua, kumgusa, kumzaa upya mahali pengine. Wengi huliona hili kuwa ndio moyo wa albamu, na kwa namna fulani ni kweli. Bila uchungu huo, kelele zote zile zingekuwa kelele.

Lakini rudi kwenye shajara yenyewe, hasa wewe msomaji wa vitabu. Anne Frank alipewa daftari lile siku alipotimiza miaka 13, Juni 1942, na mwezi uliofuata familia ikajificha Amsterdam. Anayeandika mle si malaika wa huzuni. Ni mtoto mkorofi, mcheshi, mwenye kijicho na wivu, anamsengenya daktari wa meno aliyelazimishwa kulala naye chumba kimoja, anagombana na mama yake, anajikosoa, anajisifu. Na alikuwa mwandishi hasa. Machi 1944 alisikia kwenye redio, kutoka London, waziri wa Uholanzi akiwaomba wananchi watunze shajara na barua za wakati wa vita. Akaanza kuiandika upya shajara yake kwa ajili ya kuchapishwa: akakata, akaongeza, akapanga. Alikuwa na miaka 14, akaendelea alipofika 15. Agosti 1944 walikamatwa. Mapema 1945 alifia kambi ya Bergen-Belsen.

Kwenye albamu ya Mangum, msichana huyu hana neno hata moja. Hacheki. Hasengenyi mtu. Amekuwa mzuka mzuri wa kutamaniwa na mwanamume mtu mzima mwenye gitaa. Hili ndilo linaloniuma kila ninapoisikiliza, na siwezi kulimaliza. Sisemi Mangum hakuwa na haki. Huzuni haiombi ruhusa, na naamini alilia kweli. Nasema hili ni swali halali la mhakiki, tena ndilo swali kubwa la albamu, na tangu ilipopewa 10 ni wachache wanaothubutu kuliuliza kwa sauti. 10 haiachi nafasi ya swali. 8.7 ilikuwa na mlango wa pointi moja nukta tatu, unaweza kupenyeza mguu.

Mimi ningeipa 8.7, ukinilazimisha. Kwa sababu zangu, si za yule wa 1998.

Na hapa ndipo ombi la kijana wangu lilipoanza kunisumbua sawasawa. Maana ukiingia Pitchfork leo kutafuta albamu hii, unakutana na 10. Ile ya 1998 inabidi uifukue kwenye hifadhi za kurasa za zamani, kama mtu anayetafuta cheti cha kuzaliwa. Kubadili mawazo ni haki ya mhakiki, tena asiyebadili mawazo simwamini. Lakini kubadili mawazo maana yake kulikuwa na mawazo mawili. Ukiondoa la kwanza, la pili linakuwa tangazo tu.

Tazama shajara ilivyotendewa. Baba yake, Otto Frank, ndiye pekee wa familia aliyerudi, na alipoichapisha mwaka 1947 aliunganisha daftari za mwanzo na zile kurasa alizoziandika upya binti yake, akakata baadhi ya mambo. Ndiyo shajara ambayo dunia ilisoma kwa miaka karibu arobaini. Mwaka 1986 likatoka toleo la kitaaluma lililoweka matoleo yote matatu kwenye ukurasa mmoja: alivyoandika kwanza, alivyojihariri mwenyewe, alivyohaririwa na baba yake. Ukilifungua unamwona msichana akitoa sentensi yake mwenyewe na kuweka nyingine. Unamwona anafikiri. Unamwona kwa sababu tu hakuna aliyeitupa ile ya kwanza.

Asubuhi nikampigia mhariri wa gazeti lile, ambaye bado yupo. Nilimwomba vitu viwili: makala ya zamani ibaki kama ilivyo, pamoja na tarehe yake na nyota zake mbili na ule mzaha wa mlango, na chini yake iwekwe njia ya kwenda kwenye makala mpya nitakayoiandika, nikieleza nilisikiliza wapi mara ya kwanza, mara ngapi, na nini kilinipita. Akaniuliza kama ninataka kujidhalilisha. Nikamwambia kidogo. Akasema nafasi ni maneno mia sita, hakuna malipo ya ziada.

Kisha nikamwandikia kijana. Nikamweleza yote haya, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza ninyi, na nikamtumia "Oh Comely", nikimwambia asikilize mpaka sekunde ya mwisho.

Alijibu jioni. "Nimeisikia hiyo sauti mwishoni, ni kali sana. Sawa dada, iache. Ila ule mstari wa mlango wa jirani mama yangu aliusoma, na mpaka leo kila nikianza mazoezi ananiuliza nani anabisha hodi."